Ndege Waliokaa Kimya Kwenye Minyaa

Mkiniona nimeziba pua kwa kanga wakulima wanapopita na mabomba yao ya kupulizia, msidhani nimekuwa mtu wa mjini sana. Harufu ya dawa ya pamba ikinifikia, ulimi unakufa ganzi na mate yanajaa mdomoni. Mwaka huu imenipata hapa hapa Bariadi. Nakaanga samaki wangu kando ya barabara, kijana kasimama kununua na bomba lake linavuja mgongoni. Nikamwambia, "Baba, simama kule." Akacheka. "Mama, hii dawa ni ya wadudu. Wewe ni mdudu?" Niligeuza samaki, lakini macho yalikuwa yameshaondoka pale. Yalikuwa uwanjani kwa bibi yangu Nyamizi, yanatazama ndege.

Wa rika langu mliokulia huku kwetu mnaujua ule wakati. Pamba imeshachumwa, mtama umeshaingia kwenye kihenge, mashamba yamebaki mabua. Asubuhi kuna baridi kavu inayopasua midomo, mchana upepo unazungusha vumbi kama kuna mtu ndani yake. Maji yanachimbwa kwenye mchanga wa mto. Kijani kinachobaki ni minyaa tu, ule uzio unaozunguka kaya, wenye maziwa yanayounguza macho. Ndio wakati ndege wa porini wanapoanza kuzikaribia nyumba za watu.

Tulilelewa tukijua ndege ni adui. Mtama ukiiva, mtoto haendi popote, anashinda shambani anapiga debe na kupiga kelele mpaka sauti inakauka. Lakini mavuno yakishaingia ndani, bibi yangu aligeuka. Ng'ombe wakishatoka zizini, alikuja na uwele kwenye kibuyu akaumwaga uwanjani, akizunguka kile kibanda kidogo cha nyasi kilichonifika magotini. Kilikuwa kibanda cha masamva, wale wazee wetu waliokufa. Akimwaga, anawataja majina mmoja mmoja, kwa sauti ya mtu anayeita watu mezani.

"Kuleni. Msije mkasema tumevuna tukawasahau."

Halafu anakaa kwenye kigoda mlangoni, na sisi wawili tunakaa chini miguuni pake, mimi na mdogo wangu Jilala. Tunangoja. Minyaa inaanza kutikisika. Wanashuka tetere, wanashuka njiwa pori, wanashuka wale wadogo wa kijivu wanaokwenda kwa kundi kama vumbi. Bibi anatazama kwa macho yake mekundu, yaliyoharibiwa na moshi wa kinyesi cha ng'ombe, maana kuni kwetu hazikuwepo. Wakila haraka, anafurahi. Wakisitasita, anauliza, "Nani kakosea nini jana?"

Mimi nilielewa kivyangu. Nilielewa kwamba ndege wale ndio wenyewe, ndio watu wenyewe waliokufa, wamevaa manyoya. Nilimchagua tetere mmoja aliyechechemea nikasema huyu ni mama yake bibi, maana niliambiwa alikufa na mguu mbaya. Baba yetu, aliyekufa Jilala hajajua kutembea, nilimpa njiwa mnene mwenye ukosi shingoni. Nilimwamkia kila asubuhi, kimyakimya. "Mwangaluka, baba."

Msimu ule ninaousema, kongoti naye alikuja. Mnamjua, yule ndege mkubwa mwenye upara na mfuko shingoni, mabawa meusi kama koti la mzee. Alisimama karibu na nguzo ya zizi, mbali na wenzake. Hakula. Aliuelekea mlango wetu tu.

"Huyo ni babu," Jilala akaninong'oneza. "Amekataa kula na wanawake."

"Mbona ana upara mbaya hivyo?"

"Nyamaza, atasikia!"

Tukacheka mpaka tukajiziba midomo. Bibi hakucheka. Alikuwa amesimama, kibuyu kitupu mkononi.

"Hawa wote nawajua," alisema. "Yule simjui."

Kongoti alirudi kesho yake, na kesho kutwa. Anakuja uwele ukishamwagwa, anasimama palepale, anatazama mlango, jua likipanda anaondoka kwa miguu, taratibu, kama mtu aliyemaliza shughuli yake. Mama yangu hakupenda. Alimwambia bibi, kwa neno letu la kumwita mama, "Mayu, watu wanapita barabarani wanaona. Wanasema umefuga ndege wa uchawi." Bibi akajibu, "Wanaosema waje wawataje wazee wao, tuone kama wanawakumbuka."

Waliokuwa wanasema nawajua, na nitawataja. Niliishia darasa la nne, lakini kumbukumbu haihitaji darasa. Wa kwanza ni Masunga, mtoto wa mke mdogo wa babu. Kwetu alikuwa baba mdogo. Babu alipokufa, shamba la mbugani, lile la udongo mweusi unaoshika maji, lilibaki nyumba kubwa, yaani kwa bibi, na bibi alisema mbele za watu kwamba ni la Jilala. Masunga alilitaka. Alikuja kulilalamikia kila baada ya mavuno, na kila mara bibi alimpa maziwa ya mgando, akamsikiliza, akamwambia hapana.

Siku moja mchana Masunga alikuja bibi akiwa ameenda kuchimba maji. Mama alikuwa ndani anasaga. Mimi nilikuwa nyuma ya kihenge, natoa miba mguuni. Nikamwona anaenda moja kwa moja kwenye kibanda cha masamva. Akatoa mfuko wa kitambaa kwenye koti, akamwaga uwele kukizunguka kibanda, kama bibi alivyofanya, ila hakumtaja mtu yeyote. Akaona naangalia.

"Na mimi nawapa wazee chakula," akaniambia. "Ni wa kwangu pia, siyo?"

"Ndiyo, baba."

Akanishika kidevu kwa upole. Mkono wake ulinuka dawa ya pamba. Miaka ile kila mwanaume alinuka dawa ya pamba, hata baada ya mavuno, haikuwa habari. Mimi nilifurahi. Niliona baba mdogo amekuja kuomba msamaha kwa babu, na sasa ugomvi wa shamba umekwisha. Nilimtafuta Jilala nimpe habari njema.

Tulipofika uwanjani pamoja, ndege walikuwa wameshashuka.

Sitaisahau ile namna walivyokula. Kawaida ndege wakila kuna kelele, wanagombana, wanapigana mabawa. Safari hii palikuwa kimya. Tetere yule anayechechemea alianza kuzunguka mahali pamoja, anazunguka tu, kama anatafuta kitu alichodondosha. Mwingine akalaza kichwa chini, taratibu, kama mtoto anayelala. Halafu mmoja aliyekuwa juu ya minyaa akaachia tawi. Hakuruka. Aliachia tu, akaanguka. Upepo ulikuwa umesimama. Walianguka mmoja mmoja, kila aliyeanguka akitoa sauti ndogo ardhini kama embe changa. Kongoti alikuwepo kwenye nguzo yake. Alitazama mpaka wa mwisho, kisha akaondoka kwa miguu kupitia lango la zizi.

Jilala hakuogopa. Mtoto wa kiume wa umri ule anaona nyama. Bibi alikataza kabisa kula ndege wa uwanja ule. "Mgeni haliwi," alikuwa anasema. Lakini bibi hakuwepo, na mama jiwe la kusagia linapiga kelele hasikii. Jilala akaokota njiwa wawili wanene, tukaenda nyuma ya zizi, tukakoka moto wa mabua. Yeye alikula kifua na mapaja, mimi nikapata shingo na bawa moja, maana kwetu mvulana anashiba kwanza. Ndiyo sababu mimi niko hapa naandika.

Kilichofuata nakikumbuka vipande vipande. Mate. Mate mengi yasiyokwisha. Jilala anatetemeka midomo, anasema, "Dada, zima jua," wakati jua lilikuwa linazama, kumeshakuwa na kivuli. Mama anapiga yowe. Bibi anakuja anakimbia, maji ya ndoo yamemmwagikia. Alitunusa midomo, akaenda uwanjani, akaokota punje za uwele akazinusa, akarudi. Nilimsikia vizuri.

"Hii ni dawa ya pamba. Leteni maziwa. Leteni maziwa haraka!"

Mimi maziwa yalinitapisha. Jilala hayakupita.

Tulimzika kesho yake. Hapo anaingia mtu wa pili ninayemtaja, Lugodisha, mfumu aliyekuwa anapigia watu ramli ya kuku katika vijiji vyetu. Mnaifahamu ile ramli. Kuku mchanga anachukuliwa kwenye kaya yenye msiba, mfiwa anamtemea mate mdomoni, mfumu anampasua, anasoma yaliyomo. Masunga ndiye aliyekwenda kumwita. Masunga ndiye aliyemkamata kuku. Mimi nilikuwa bado nimelegea, mama alinibeba mgongoni mpaka kwa Lugodisha, kwa hiyo niliona.

Kuku alikuwa wa uwanjani kwetu. Bibi alikuwa amezifagia zile punje na kuzichoma, lakini kuku hawangoji kuitwa, walikuwa wameshadonoa. Huyu alisinzia njia nzima, kichwa kinaning'inia mkononi mwa Masunga. Mama akamtemea mate. Lugodisha akampasua. Ndani kulikuwa kweusi na kijani, matumbo yamevimba, na harufu ikatoka iliyomfanya Lugodisha mwenyewe arudi nyuma. Ile harufu niliijua. Nilisema, "Inanuka kama mkono wa baba mdogo." Mama akanifinya paja nikanyamaza.

Lugodisha alimtazama kuku kwa muda mrefu. Nadhani kwa kweli aliogopa. Labda hakuwahi kuona kuku wa namna ile tangu aanze kazi yake. Halafu akasema, "Aliyemla mtoto yuko nyumbani kwenu. Anawalisha watu wake uwanjani kila asubuhi, na safari hii walitaka nyama."

Masunga akashika kichwa. "Mayu Nyamizi! Mimi nilisema! Si nilisema?"

Wapo wanaoniambia Masunga alitaka ndege tu wafe, ili watu waone maajabu wamhukumu bibi, na kwamba kifo cha mtoto kilimshtua hata yeye. Mimi sijui moyoni mwake kulikuwa na nini. Najua mkononi mwake kulikuwa na nini.

Tuliporudi, ndege walikuwa wamerudi pia.

Hili nimewasimulia watu wachache, na wengi wananitazama vibaya. Walikuwa juu ya minyaa, kuzunguka kaya nzima, wengi kuliko siku zote. Na wote waligeukia mlango wa bibi. Hakuna aliyelia. Bibi alimwaga uwele safi, kutoka chini kabisa ya kihenge, akawataja majina. Hakushuka hata mmoja. Asubuhi wapo, mchana wapo, wamekaa na matumbo yao matupu, wanatazama. Nimewahi kujiambia kwamba walinusa dawa iliyobaki ardhini. Lakini wale waliokula walikufa, hakuna aliyebaki wa kuwaonya wenzake. Hawa waliambiwa na nani?

Mimi nilianza kumtafuta Jilala kati yao. Nilijua kwa vyovyote atakuwa mdogo, atakuwa mpya, hajazoea kukaa kwenye tawi. Nikamwona mmoja wa kijivu, manyoya yamesimama kichwani, anayumba. Nikasogea. Hakuruka. Nikasogea zaidi mpaka ningeweza kumgusa, na jicho lake likanifuata.

Bibi akanishika bega kwa nyuma.

"Usimtafute," akasema. "Akijua unamtafuta, hataondoka."

Wapita njia walikuwa wanasimama barabarani kutazama. Ndege wamejaa kwa mchawi na hawalii, unataka ushahidi gani tena? Kijiji kikamkatia bibi moto. Kwetu mtu akikatiwa moto, haombi kaa kwa jirani, hasalimiwi, hapewi chumvi, akifika kisimani wanawake wanainua ndoo zao wanasogea. Atakayempa chochote naye anatengwa. Mama alinihamishia nyumba ya upande wa pili wa uwanja, na moto wa bibi ulipozimika haukuwaka tena. Nilimwona mlangoni amekaa kwenye kigoda chake, mbele ya wale ndege, anatafuna mtama mbichi.

Asubuhi moja nilichukua kaa la moto jikoni kwa mama, nikaliweka juu ya kigae, nikavuka nalo uwanja. Nilikuwa nimefika mlangoni kwa bibi niliposikia sauti ya Masunga kutoka langoni.

"Mmeona? Mmeona huyu?" Alikuwa na wanaume wengine. "Yule wa kiume ameliwa, huyu wa kike amepona. Jiulizeni kwa nini amepona. Ameshamrithisha!"

Nilimtazama bibi nikingoja amjibu, maana bibi hakuwa mtu wa kukosa jibu. Alikuwa ananitazama mimi. Uso wake ulibadilika, ukawa kama uso wa mtu aliyeona nyoka karibu na mtoto. Alitoa mguu akakipiga teke kile kigae, kaa likavunjika vumbini.

"Toka hapa na moto wenu," akasema.

Hawakuchelewa. Walikuja jua likiwa juu, wanaume na fimbo zao, Masunga mbele, Lugodisha na kibuyu chake. Walisimama kwenye lango la zizi, wakamwita mama atoke, maana kwa desturi yao mfiwa ndiye anayesema neno la mwisho. Lugodisha akamuuliza, "Mayu, mtoto wako kaliwa na nani?"

Wa tatu ninayemtaja ni mama yangu, Minza. Ni marehemu, na nilimzika mwenyewe, lakini alikuwepo pale na hawezi kutoka kwenye habari hii. Alijua kwamba nilimwona Masunga na mfuko wa kitambaa, nilikuwa nimemwambia si mara moja. Alitazama fimbo. Akanitazama mimi. Bibi akamwambia taratibu, "Minza, watoto wako wote wawili niliwapokea kwa mikono hii." Mama akainua kidevu, akamwonyesha bibi kwa kidevu. Hata kidole hakutumia.

"Njia iko wazi, mayu," Masunga akasema, kwa heshima kabisa, kama anamkaribisha. "Ondoka ukiona. Tusifike mbali."

Bibi alifunga nguo zake kwenye kanga moja. Hakulia. Alipotoka nje ya minyaa, ndege wote wakaruka kwa pamoja, kelele ya mabawa yao ikafunika kila kitu, na uwanja ukapata kivuli. Wanaume wakainamisha vichwa. Wengine walijifunika kwa mikono. Ndege walipopita, mimi nilikuwa nimeshakimbia. Nilikuwa njiani nyuma ya bibi, nalia, namwita.

Aligeuka.

"Rudi!"

"Bibi, nakuja na wewe."

"Nani kakwambia nakutaka?" Alisema kwa sauti kubwa, kila mtu langoni alisikia. "Wewe si mtu wangu! Ulipozaliwa nilitema mate, nilitaka mvulana. Nimekupa nini mimi? Hujapata kitu kwangu, wala hutapata! Rudi kwa mama yako, mbwa wewe!"

Nikapiga hatua nyingine. Akainama, akaokota jiwe, akanirushia. Lilipita pembeni likaingia kwenye majani makavu. Akaokota jingine, nalo likapita. Nikasimama. Nyuma yangu nilimsikia Masunga anacheka. "Kumbe hata yeye hamtaki!" Na wale wengine wakacheka, cheko la watu walioshusha mzigo, wakaanza kutawanyika. Hakuna aliyenitazama tena, siku ile wala baadaye. Nilikuwa mtoto aliyekataliwa na mchawi, basi nilikuwa safi.

Bibi alikwenda kwa kaka yake kule Mwandoya, akaishi huko. Masunga alilima shamba la mbugani msimu uliofuata, na analilima mpaka leo, ana nyumba ya matofali na wajukuu wanaomwamkia. Mimi nilikua na jeraha moja kubwa kuliko yote, na halikuwa Jilala. Lilikuwa kwamba bibi yangu alinichukia tangu nazaliwa na mimi sikujua. Walipoleta habari kwamba amefariki, nilikuwa nachambua mchele. Niliendelea kuchambua.

Miaka mingi ilipita mpaka siku niliyokuwa naeleza habari za kwetu kwa binti yangu, namna wanawake wa zamani walivyolinda mtama. Nikawa namweleza bibi yangu alivyokuwa anasimama kwenye kichuguu katikati ya shamba na vijiwe kwenye upindo wa kanga, bila kombeo, kwa mkono tu, na kwelea akitua kwenye suke upande wa pili wa shamba anampiga kichwani na suke halitikisiki. Nilimwona akifanya hivyo kila msimu tangu najua kuona, na sikuwahi kumwona anakosa.

Nilinyamaza katikati ya maneno. Binti yangu akasema, "Mama, vipi?"

Siku ile mimi nilikuwa nimesimama mbele ya bibi kwenye njia nyeupe, mchana kweupe, mkubwa kuliko ndege yeyote. Na alinikosa mara mbili.